Rajamu za Watu wa Kale

Wengi wetu hudhani kwamba rajamu za biashara zilizuka na viwanda vya Ulaya. Sivyo. Mjini Uruk, katika nchi ambayo leo ni Iraq, yapata miaka 3500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), watu walikuwa na mihuri ya jiwe iliyochongwa mviringo kama kipande cha kijiti kinene. Mtu aliuviringisha muhuri wake juu ya udongo mbichi uliofunga mdomo wa mtungi au mlango wa ghala. Udongo ukikutwa umevunjika, mwenye mali alijua kwamba pameingia mkono wa mtu. Basi asili ya alama hizi ni kulinda amana.

Majisifu yalikuja baadaye, na Warumi waliyapenda mno. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79 B.K., alikuwako tajiri aitwaye Aulus Umbricius Scaurus, mwuza mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi. Jina kwenye mitungi halikumtosha; picha za mitungi hiyo, pamoja na maneno ya kuusifu mchuzi, zilinakshiwa kwa vijiwe katika sakafu ya nyumba yake, wageni wazione wakiingia!

Lakini jina likisifika, nalo huibwa. Huko Modena, kaskazini mwa Italia, ilikuwako karakana ya taa za udongo zenye jina FORTIS chini yake. Zilipoenea, wafinyanzi wa mbali waliichukua taa, wakaitolea kalibu, wakafinyanga nyingine, jina na vyote. Ila udongo hunywea ukikauka na ukichomwa. Kwa hiyo taa ya kuiga ilitoka ndogo kuliko mama yake, na iliyoigwa kutokana na hiyo ikawa ndogo zaidi.

Misri, chini ya Bani Umayya, muhuri ulishikwa na serikali. Waislamu walikuwa wamekwisha kusikia onyo la Suratul Mutaffifin juu ya wapunjao vipimo. Mapema katika karne ya 8, msimamizi wa fedha Usama bin Zayd (si yule Sahaba mashuhuri) alitoa vipimo vya kioo vilivyopigwa muhuri wenye jina lake. Mihuri mingine ya karne hiyo hutaja bidhaa yenyewe, kama dengu au bizari, na mingine hukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameamuru kutimiza. Vyombo vyenyewe karibu vyote vimevunjika. Mihuri, kwa unene wake, imesalia kwa wingi.