Mizani, Daftari na Mrajisi: Jinsi Ushirika wa Mazao Ulivyofika na Kubadilika Tanganyika

Katika historia ya uchumi, uvumbuzi unaokumbukwa kwa urahisi ni ule unaoshikika mkononi, kama vile mashine ya kuchambua pamba, garimoshi au dawa ya kuua wadudu, ilhali uvumbuzi wa kiusimamizi, yaani njia mpya ya kugawana kazi, madaraka, hesabu na faida miongoni mwa watu wa shirika moja, hupita bila kutajwa kwa sababu hauachi nyuma yake chuma bali kanuni, madaftari na mazoea. Ushirika wa mazao, uliokuja kutawala biashara ya kahawa na pamba ya wakulima wadogo wa Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, ni uvumbuzi wa aina hiyo. Haukubuniwa Tanganyika, wala haukufika ukiwa vile ulivyobuniwa, kwani ulipita kwanza katika mikono ya wafumaji wa Uingereza, wakulima wa Ujerumani na watumishi wa serikali ya Uhindi, na kila aliyeupokea aliongeza jambo na kuacha jambo. Yaliyoongezwa na yaliyoachwa, kuliko uzuri wa wazo lenyewe, ndiyo yanayoeleza kwa nini ushirika ulishika mizizi mahali fulani na kubaki jina tupu mahali pengine.

Chanzo kinachotajwa kwa kawaida ni duka dogo lililofunguliwa Desemba 21, 1844 katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, na chama cha watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji waliokuwa wamechoshwa na bei za wenye maduka na unga uliochanganywa na vitu visivyolika. Maduka ya ushirika yalikuwa yamejaribiwa kabla ya hapo na mengi yalikufa, aghalabu kwa kukopesha wateja wasioweza kulipa au kwa kugombania faida. Jipya la Rochdale halikuwa nia ya kusaidiana, ambayo ni ya kale mno, bali mpangilio wa kanuni zilizoizuia nia hiyo isijiangamize: mauzo yawe ya fedha taslimu, kila mwanachama awe na kura moja bila kujali ukubwa wa hisa zake, hesabu zitolewe hadharani, na ziada igawiwe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Kanuni hiyo ya mwisho ilimpa mwanachama wa kawaida sababu ya kununua kwenye duka lake hata pale ambapo bei ya jirani ilikuwa na mvuto, na hivyo iliunganisha uaminifu na maslahi bila kumlazimisha mtu.

Ujerumani tatizo lilikuwa tofauti, kwa kuwa mkulima wa kijijini hakusumbuliwa na bei ya unga bali na mkopeshaji aliyetoza riba ya kumaliza. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya katika wilaya za mashambani karibu na mto Rhine, aliendeleza katika miaka ya 1860 vyama vya mikopo ambavyo kila mwanachama alidhamini deni la chama chote kwa mali yake yote, na kwa sababu hiyo chama kilipaswa kuwa kidogo kiasi cha wanachama kujuana tabia. Udogo huo, uliozaliwa na hitaji la jirani kumchunguza jirani, ndio mzizi wa kile ambacho baadaye kiliitwa chama cha msingi.

Badiliko kubwa zaidi, na pengine lenye madhara makubwa zaidi, lilitokea Uhindi. Serikali ya kikoloni, ikihofia madeni ya wakulima na ghasia zilizoweza kufuata, ilituma maofisa kuchunguza mifano ya Ulaya, na mwaka 1904 ikatunga sheria ya vyama vya mikopo, iliyopanuliwa mwaka 1912 ili iruhusu vyama vya aina nyingine pamoja na muungano wa vyama. Katika sheria hizo alizaliwa mtu ambaye Rochdale haikumjua: Mrajisi, ofisa wa serikali mwenye mamlaka ya kuandikisha chama, kukagua vitabu vyake, kusuluhisha migogoro yake na kukifuta. Hoja ya waliomuweka ilikuwa kwamba wakulima wasiojua kusoma walihitaji mlezi hadi watakapoweza kujisimamia, lakini sheria haikueleza ulezi huo ungekoma lini, na katika nchi nyingi zilizonakili sheria hiyo haujakoma hadi leo. Watu waliobeba mfano huo kwenda Afrika walikuwa wale wale waliouendesha Asia. C. F. Strickland, aliyekuwa mtumishi wa ushirika katika Punjab, aliandika na kushauri juu ya ushirika kwa makoloni ya Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na W. K. H. Campbell, aliyekuwa Mrajisi Ceylon, ndiye aliyeishauri serikali ya Kenya mwaka 1944, mwaka mmoja kabla ya Kenya kutunga sheria iliyofungua mlango kwa vyama vya Waafrika.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba Wachagga wa Kilimanjaro walikaa kusubiri sheria iwafikie. Kahawa ya arabika ililetwa mlimani na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea haraka kwa kutiwa moyo na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyetawala wilaya ya Moshi. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba chini ya mlima walipinga jambo hilo, wakidai kuwa miche ya Waafrika ingeeneza magonjwa na kwamba wezi wangepata mahali pa kuficha kahawa iliyoibwa, ingawa haikuwa vigumu kuona kwamba waliogopa pia kupoteza vibarua. Ili kujikinga, wakulima waliunda mwaka 1925 chama kilichoitwa Kilimanjaro Native Planters' Association, kifupi KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Chama hicho kiligawa dawa na vifaa vya kupulizia, kilisimamia utunzaji wa mikahawa na kukusanya kahawa ili iuzwe kwa pamoja, na hivyo kilikuwa kimekwisha kufanya kazi kubwa ya ushirika kabla ya neno hilo kupata sheria yake.

KNPA kilikuwa na udhaifu wa hesabu, lakini kosa lake kubwa machoni pa serikali lilikuwa kwamba kilianza kusemea ardhi na siasa. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932 na kuandikishwa kwa Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, mwaka 1933 kulikuwa kwa hiyo na sura mbili zisizotenganishika: kulirekebisha shirika lililokuwa na vitabu vibovu, na kulifuga shirika lililokuwa na sauti. Meneja wake wa miaka mingi, A. L. B. Bennett, alikuwa Mzungu. Muundo ulikuwa wa ngazi mbili, ambapo vyama vya msingi, vilivyopangwa kwa sehemu kubwa kufuata mipaka ya umangi, yaani himaya za watawala wa jadi, vilipokea kahawa ya wakulima, na chama kikuu kikashughulikia usafirishaji, ukoboaji, mauzo na fedha.

Yafaa kutazama kwa makini kilichotendeka kwenye ghala la chama cha msingi, kwa maana hapo ndipo uvumbuzi ulipokuwa, si katika maandishi ya sheria. Mkulima alileta kahawa aliyokwisha kuimenya, kuiosha na kuikausha nyumbani, ikiwa bado na ganda lake jembamba. Karani aliipima mbele yake, akaandika uzito katika daftari la chama na katika karatasi ya mkulima, kisha akalipa malipo ya awali, yaani sehemu tu ya thamani iliyokisiwa. Miezi kadhaa baadaye, kahawa ilipokwisha kuuzwa na gharama kukatwa, yalifuata malipo ya pili kulingana na uzito ulioandikwa. Mpango huu ulimhamishia mkulima faida ya bei ya mwisho, ambayo zamani ilibaki kwa mchuuzi, lakini ulimhamishia pia hatari ya bei kuanguka na ukamtaka amuamini karani, meneja na dalali asiowaona. Ulikuwa pia na dosari ya ndani ambayo haijapata tiba kamili: kahawa ya watu wengi ilipochanganywa na kulipwa kwa bei ya wastani, aliyekausha vizuri alimbeba aliyekausha vibaya. Kilichouweka mpango huo hai ni kumbukumbu, kwani mwanachama mwenye karatasi yake angeweza kudai, na karani aliyejua kwamba vitabu vingekaguliwa alikuwa na sababu ya kuandika ukweli.

Kwa kuwa mpango ulitegemea kuaminika, kulazimisha kuliuumiza upesi. Bei za kahawa zilikuwa zimeanguka pamoja na uchumi wa dunia, wachuuzi binafsi mara nyingine walitoa fedha zaidi papo hapo, na badala ya kuwaacha wakulima wapime wenyewe, watawala waliweka kanuni ya kuwataka wauze kahawa yao yote kupitia KNCU. Mwaka 1937 ghasia zilizuka mlimani, maghala ya vyama yakashambuliwa, na serikali ikajibu kwa nguvu, kisha ikatunga sheria mpya iliyounda bodi ya kahawa ya wenyeji ya Moshi ili ulazima uwe na msingi imara zaidi kisheria. KNCU ilinusurika, na bei zilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa tajiri kiasi cha kujenga jumba kubwa mjini Moshi na kugharamia elimu. Wasifu mwingi wa ushirika umeandikwa kwa kutazama miaka hiyo ya neema, na hiyo si haki kwa wakulima wa 1937, ambao malalamiko yao yalikuwa ya wanachama walionyimwa haki ya kuondoka.

Mfano wa pili, ule wa pamba kandokando ya Ziwa Viktoria, unathibitisha hoja kwa njia nyingine, kwa sababu huko ushirika ulianza kwa mizani yenyewe. Wakulima wa Usukuma waliamini, na kwa sababu za kutosha, kwamba walipunjwa uzito kwenye vituo vya kununulia pamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuweka wapimaji wao wenyewe ili pamba ipimwe tena kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kutokana na kazi hiyo ndogo, na kwa uongozi wa Paul Bomani, vilikua vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirika ambalo kabla ya uhuru lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba wa eneo zima. Hapa hapakuwa na meya wala Mrajisi aliyeleta wazo. Mrajisi aliandikisha jambo lililokwisha kuanza.

Baada ya uhuru ushirika ulienezwa kwa agizo hadi maeneo ambayo hayakuwa na zao la kutosha kulipia hata mshahara wa karani, na kamati maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta wizi, upendeleo na gharama kubwa. Serikali iliongeza udhibiti kila ilipogundua ubovu, kisha sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikavifanya vijiji kuwa vyama, na mwaka 1976 vyama vikuu, KNCU ikiwemo, vikavunjwa na kazi zao kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka huo huo likaundwa shirika la ukaguzi, COASCO, lakini wanachama waliorudi waliandikishwa kwa kukaa kijijini, si kwa kuchagua.

Tangu biashara ilegezwe katika miaka ya 1990, uvumbuzi umeendelea kwa kuikwepa ngazi ya chama kikuu au kuijenga upya. Kilimanjaro, kundi la vyama vya msingi lililojulikana kama G32 liliamua kupeleka kahawa mnadani bila kupitia KNCU. Mtwara, kwa msingi wa sheria ya mwaka 2005, korosho ziliingizwa kuanzia msimu wa 2007/08 katika stakabadhi ghalani, mfumo ambao zao huwekwa ghalani, mwenye zao hupewa hati, na mauzo hufanywa kwa mnada, kwa nia ya kumshinda mnunuzi wa kangomba anayenunua kwa kopo bila mizani. Mfumo huo ulirithi malipo ya awali na ya pili pamoja na udhaifu wake, na malipo ya pili yaliposhindwa kutimia, wakulima wa Liwale, katika mkoa jirani wa Lindi, walichoma nyumba Aprili 2013.

Historia hii imeandikwa zaidi kutokana na majalada ya serikali, yaani kwa jicho la Mrajisi, ilhali ushahidi wa kazi yenyewe umo katika madaftari ya mapokezi, karatasi za mizani na mihtasari ya mikutano ya vyama vya msingi. Vyama na familia zinazohifadhi kumbukumbu hizo zinaombwa kuzipeleka Idara ya Nyaraka za Taifa au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho ni mrithi wa chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 kufundisha makarani wa vyama hivyo.