Wapimaji wa maabara: Taaluma iliyozaliwa na wasaidizi wasiotajwa

MGONJWA anapotoka kwa daktari akiwa na karatasi ya vipimo, huelekezwa kwenye dirisha lililo mwisho wa ukumbi. Hapo hutolewa damu kidogo, huambiwa asubiri, na baadaye hurudishiwa karatasi ile ikiwa na maneno machache. Ni nadra aulize jina la aliyeyaandika.

Hata hivyo, maneno hayo ndiyo huamua dawa atakayopewa, damu atakayoongezwa, au iwapo atafanyiwa upasuaji kesho yake. Aliyeyaandika ni mtaalamu wa taaluma iliyo changa ikilinganishwa na udaktari au ukunga, na kwa muda mrefu watangulizi wake walihesabiwa kuwa vijana wa kuosha chupa.

Upimaji wenyewe ni wa kale. Matabibu wa Ulaya katika enzi za kati waliinua chupa ya mkojo kwenye mwanga na kuikagua rangi yake. Katika karne ya 17, daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa mwenye kisukari ni mtamu ajabu. Njia ya kulijua hilo ilikuwa moja tu: kuuonja.

Katika karne hiyo hiyo Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, muuzaji wa vitambaa asiyekuwa na shahada yoyote, aliona bakteria kupitia lenzi alizozisaga mwenyewe. Zilipita takriban karne mbili kabla ya viumbe hao kuhusishwa na maradhi kwa ushahidi wa kutosha.

Mambo yalibadilika kwa kasi kuanzia mwaka 1880, Mfaransa Alphonse Laveran alipoona vimelea vya malaria katika damu ya askari nchini Algeria. Mnamo Machi 24, 1882, Robert Koch alitangaza jijini Berlin kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Miaka miwili baadaye Hans Christian Gram wa Denmark alieleza mbinu ya kuwatia bakteria rangi ili kuwatenganisha katika makundi mawili. Mbinu hiyo ingali inatumika kila siku.

Lakini kuna jina ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Fanny Hesse alikuwa akimsaidia mumewe, Walther Hesse, daktari aliyefanya kazi katika maabara ya Koch. Tatizo lao lilikuwa kwamba gelatini waliyooteshea bakteria iliyeyuka katika joto. Fanny ndiye aliyependekeza agari, kitu kitokanacho na mwani, ambacho alikuwa akikitumia jikoni kugandisha vyakula vitamu.

Agari haikuyeyuka, na maabara za dunia nzima zinaitumia hadi leo. Kisahani kinachowekewa agari hiyo kinaitwa kwa jina la Julius Richard Petri, msaidizi wa Koch aliyekieleza mwaka 1887. Agari haikupewa jina la Fanny.

Yakini, kisa hicho si cha pekee. Ronald Ross alipokuwa India mwishoni mwa miaka ya 1890, akithibitisha kuwa mbu ndiye hueneza malaria, alisaidiwa na Mohammed Bux katika kazi ya kukusanya na kutunza mbu. Ross alituzwa Nobel mwaka 1902. Nani humkumbuka Bux?

Vipimo vilipoongezeka, madaktari hawakuweza tena kuvifanya wenyewe. Kazi iliachiwa wasaidizi waliofunzwa papo hapo, bila mtihani wala cheti. Nchini Uingereza, msaidizi mmoja wa maabara, Albert Norman, aliongoza wenzake kuunda chama chao mwaka 1912. Kutoka chama hicho zilitokea taasisi na mitihani, na kufikia mwaka 1960 sheria ya Uingereza ikawaweka mafundi wa maabara katika orodha ya taaluma zinazosajiliwa na serikali.

Marekani ilifuata njia tofauti. Huko ni chama cha madaktari wa patholojia, kilichoundwa mwaka 1922, ambacho mwaka 1928 kilianzisha bodi ya kuwasajili wapimaji. Kwa maoni yangu tofauti hiyo si ndogo: Waingereza walidai hadhi wakiwa chini, ilhali Wamarekani walipewa na waliokuwa juu yao.

Cheti pekee, hata hivyo, hakikutosha. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo sampuli zile zile zilipelekwa katika maabara mbalimbali za hospitali jimboni Pennsylvania. Majibu yalitofautiana kiasi cha kutisha.

Mwaka 1950, Levey na Jennings walileta maabarani mbinu iliyokwisha kuzoeleka viwandani. Sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana hupimwa pamoja na za wagonjwa, na jibu lake huwekwa kwenye mchoro. Likivuka mipaka iliyowekwa, majibu ya wagonjwa huzuiliwa hadi kasoro ipatikane. Huo, kuliko mashine yoyote, ndio msingi wa kazi hii.

Hapa Kenya, mfumo uliofuatwa ulikuwa wa Kiingereza. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1927, kimefunza sehemu kubwa ya wapimaji wetu, na sasa vyuo vikuu pia hutoa shahada. Mnamo 1999 Bunge lilipitisha sheria mahsusi iliyounda bodi ya kusimamia mafunzo, usajili na leseni za mafundi na wanateknolojia wa maabara za matibabu.

Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya themanini tunajua hali ilivyokuwa pale ambapo maabara haikuulizwa. Homa ilikuwa malaria, na malaria ilikuwa klorokwini, hata kama ungejikuna usiku kucha. Ni mwaka 2010 ambapo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kila inapowezekana, kabla ya kutibiwa.

Pendekezo hilo lilichochea matumizi ya vipimo vya haraka, ambavyo hutoa jibu kwa dakika 20 hivi bila hadubini. Vina manufaa makubwa vijijini. Ila havihesabu vimelea, na aina inayotumika zaidi yaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Kwa hivyo mgonjwa aliyemaliza dawa na ambaye homa imemrudia bado humhitaji mtu wa hadubini. Mtu huyo hupaka tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi ya Giemsa, kisha hukagua angalau sehemu 100 za kioo hicho, moja baada ya nyingine, kabla ya kuandika kuwa hakuona kimelea.