Visanamu vyangu na swali la Mama mdogo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, zamu za usiku zimenibana. Tangu niweke picha ya visanamu ninavyopaka rangi hapa chumbani kwangu Dengfeng, maswali yamekuwa mengi. Baba mdogo kauliza kama ni miungu ya Wachina. Hapana Baba, ni askari wa sayari za kubuni, kila mmoja na urefu wa sentimita 3 hivi, haha! Lakini Mama mdogo ndiye aliyeuliza lililo zito: sisi wa Kasulu tumewaona wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa macho yetu. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Sasa mtu wa huko, tena muuguzi, anapataje raha ya kucheza vita?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa vizuri, kwa hiyo leo nawapa historia. Vuteni viti.

Kwanza mchezo wenyewe. Visanamu vinakuja vipande vipande. Unaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi kwa brashi nyembamba. Kisha watu wawili wanapanga majeshi yao juu ya meza yenye vilima na magofu ya kutengeneza. Mwendo unapimwa kwa inchi, na shambulio linaamuliwa kwa dadu. Unafanana na bao kwa kuwa inabidi uone mbele kabla hujasogeza kitu, ila kwenye bao hakuna dadu. Huku bahati nayo ina kiti chake.

Mizizi yake, Mama mdogo, ni ya kijeshi kweli. Mwaka 1812 Mprussia mmoja aitwaye von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza ya kuchezea vita. Mwaka 1824 mwanawe, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi, akatoa kanuni zilizoboreshwa: ramani, dadu na mwamuzi. Wakubwa wa jeshi wakaona hiyo ni shule ya vita, wakawafundishia maofisa. Angalia jambo moja: vipande vya mchezo ule vilikuwa vya mstatili tu, na kila kimoja kilisimama badala ya kikosi kizima cha watu. Havikuwa na uso. Ofisa alijifunza kupoteza watu mia kadhaa kwa kuondoa kipande kimoja kwenye ramani.

Aliyeugeuza kuwa mchezo wa raia wa kawaida ni mwandishi Mwingereza, H.G. Wells. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1898 kuhusu viumbe wa Mars wanaoivamia dunia, kwa hiyo hadithi za sayansi ya kubuni zinamdai heshima. Mwaka 1913 akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na vizinga vidogo vya springi. Mwishoni anaeleza kwamba ukishacheza vita vidogo, utaona vita vikubwa ni upumbavu uliopita kiasi. Aliona afadhali wenye hamu ya vita wafungiwe chumbani na askari wao wa kuchezea, watu wengine waachwe waishi.

Hawakumsikiliza. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na vikafika hadi kwetu ziwani. Ile meli tunayoijua kama MV Liemba ilikuwa ya Wajerumani, ikiitwa Graf von Götzen, na waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924.

Turukie Uingereza ya 1975, ambako vijana watatu walianzisha kampuni ya Games Workshop. Mwaka 1987 ikatoa Warhammer 40,000, mchezo ulioandikwa na Rick Priestley, na ndio ninaoucheza mimi. Hadithi yake ni ya milenia ya 41: himaya ya binadamu inamwabudu mfalme aliye nusu maiti kwenye kiti cha enzi, na vita haviishi. Wengi hawajui kwamba ilianza kwa kejeli. Hakuna upande mwema mle. Ni picha ya watu wanaofikishwa pabaya na uoga na utii wa upofu.

Siku zile visanamu vilikuwa vichache, watu wakajitengenezea. Jarida lao la White Dwarf lilionyesha jinsi ya kuunda kifaru kutokana na kopo la kiondoa harufu cha kwapani! Huku kugeuza vitu ni nusu ya raha: unakata mkono wa huyu, unampachika yule. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana sisi tulitengeneza magari kwa makopo na magurudumu ya ndala bila jarida lolote.

Na huku Guangzhou? Mnaijua Dengfeng kwa simulizi za ndugu wanaokuja kununua mizigo Xiaobei. Lakini sanamu ndogo za rangi ni kazi ya zamani sana ya mji huu. Mwaka 1769 fundi wa hapa aitwaye Chitqua alifika London, akawa anawafinyanga watu kwa udongo na kuwapaka rangi. Mwaka 1770 kazi yake ilionyeshwa kwenye Royal Academy. Nenda pia jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika 1894, uangalie juu ya paa: mashujaa wa kauri wamejipanga, kazi ya wafinyanzi wa Shiwan, mji jirani wa Foshan. Siku hizi printa za 3D wanazotumia wapenzi wa mchezo huu duniani nyingi zinatoka Shenzhen, nusu saa tu kwa treni ya kasi.

Hapa muuguzi aseme kidogo. Visanamu vya zamani vilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Games Workshop iliyaacha mwaka 1997. Rezini ya printa nayo, kabla haijakauka, inaunguza ngozi: vaa glavu, fungua dirisha. Na ukiikata au kuipiga msasa, vaa barakoa.

Sasa Mama mdogo, jibu langu. Yule ofisa wa Prussia alikuwa na vipande visivyo na uso. Mimi natumia jioni tatu kwa askari mmoja, nikimtafutia rangi ya macho na kovu la shavuni. Akianguka mezani naujua uso wake, na kesho anasimama tena. Wale wa Nyarugusu hawana dadu ya kurudishiwa watu wao. Tofauti hiyo siisahau, na mchezo huu unanikumbusha badala ya kunisahaulisha. Wells naye aliona kitu hicho hicho mwaka 1913.

Kama bado hujaridhika, niandikie tubishane. Mnisalimie wote Kasulu, na bei ya visanamu sitaji ng'o!