Nyuzi za Nani? Pamba, Katani na Swali la Haki katika Ufumaji wa Mkono Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Mafundi wa ufumaji wa mkono huhimizwa siku hizi kuchagua nyuzi za asili zinazopatikana karibu nao, kwa imani kwamba uzi wa karibu ni uzi wenye haki. Historia ya Afrika Mashariki inaitia dosari imani hiyo. Pamba, iliyosokotwa katika miji ya pwani kwa karne nyingi, iligeuzwa baadaye kuwa chombo cha dhuluma. Katani, iliyoletwa kutoka ng'ambo, imekuwa uzi wa vikapu ambavyo jamii za bara hutambulika navyo. Makala haya yanatetea hoja kwamba haki ya uzi hupimwa kwa kuuliza ni nani aliye na kauli juu ya ardhi, kazi na bei. Asili ya mmea peke yake haitoshi kuwa kipimo.

2. Pamba kabla ya ukoloni

Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Neville Chittick huko Kilwa Kisiwani ulifukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo viliipa uzito pia ya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba vitambaa vilivyoitwa kwa jina la mji huo viliuzwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza kuwa Waislamu wa Sofala walilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakujua kuitia rangi, walifumua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay, kisha wakazifuma upya nyuzi hizo pamoja na zao nyeupe.

Ushahidi wa Sofala una uzito wa pekee. Mfumaji huyo alichanganya uzi wa nyumbani na wa mbali katika kitambaa kimoja, na uamuzi wa kuchanganya ulikuwa mikononi mwake. Basi "uenyeji" wa kazi yake ulitokana na ujuzi wake na mamlaka aliyokuwa nayo juu ya nyuzi zake.

Hali ilibadilika katika karne ya 19. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, kitambaa cha viwanda vya New England kilienea hadi bara na kupewa jina la merikani. Viwanda hivyo vililishwa kwa pamba iliyovunwa na watumwa kusini mwa Marekani. Mnunuzi wa bara alijitanda jasho la watu waliotekwa Afrika, au la vizazi vyao, bila ya kitambaa chenyewe kumwonyesha dalili yoyote. Hata hivyo, merikani haikuufuta ufumaji kwa mkupuo. Huko Ufipa, nguo za pamba ziliendelea kufumwa kwa mkono kwa miongo mingi.

3. Pamba ya shuruti

Kuanzia mwaka 1902, utawala wa Wajerumani chini ya Gavana von Götzen uliwalazimisha wanavijiji wa wilaya za kusini kufanya kazi katika mashamba ya pamoja ya pamba. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Pamba hiyo ilikuwa ya karibu kwa kila maana ya kijiografia: ilipandwa kwenye ardhi ya wenyeji kwa mikono ya wenyeji. Lakini ililimwa kwa ajili ya viwanda vya Ujerumani, na ilimnyang'anya mkulima muda wa kulima chakula chake.

4. Katani: mmea mmoja, historia mbili

Mwaka 1893, Richard Hindorf aliingiza Tanganyika ya baadaye miche ya katani, mmea wa asili ya Mexico, akiipitisha Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutokana nayo yalizuka mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko, yaliyotegemea vibarua wa mkataba kutoka mbali. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba.

Sambamba na historia hiyo kuna nyingine. Nchini Kenya, wanawake wa Kikamba na Kikuyu waliosuka viondo kwa nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu, walianza kutumia katani iliyopandwa kwenye mipaka ya mashamba ya familia. Waliikwangua majani yake, wakaanika nyuzi na kuzisokota pajani. Nchini Rwanda pia, nyuzi za katani huzungushiwa vifungu vya nyasi katika ususi wa agaseke. Mmea ni uleule; kilichotofautiana ni nani aliyeamua ulimwe wapi, kwa kazi ya nani na kwa faida ya nani.

5. Hitimisho na mapendekezo

Sera zinazotoa nembo ya "uzi wa asili wa hapa" bila kuchunguza mnyororo wa kazi zinaweza kuhalalisha dhuluma kwa jina la utamaduni. Inapendekezwa kwamba nembo hizo zijibu maswali matatu. Kwanza, je, zao la uzi limechukua nafasi ya chakula, na kwa ridhaa ya nani? Pili, je, saa za kukwangua na kusokota, ambazo kwa kawaida ni za wanawake, zimehesabiwa katika bei? Tatu, je, uvunaji unauacha mmea hai? Swali hili la mwisho lazima liulizwe hata kwa magome na ukindu, kwani uzi wa jadi nao huweza kumaliza msitu.

Vipimo hivyo vitakuwa na gharama. Kiondo kilichosokotwa kwa haki hakiwezi kuuzwa kwa bei ya kikapu cha nailoni, na mshauri wa sera anapaswa kulisema hilo waziwazi kabla ya kumtaka fundi aubebe mzigo huo peke yake.