Kinara cha Gogo na Utambi wa Unyasi

Nuru ya usiku ni haja ya kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, lakini vyombo vyake havikuhifadhiwa kwa usawa. Vinara vya fedha na vya shaba vya majumba makubwa ya Ulaya vilirithiwa, vikaandikwa katika wasia, na leo vimewekwa ndani ya makabati ya vioo. Kinara cha mtu wa shamba kilikuwa kipande cha gogo na vyuma viwili. Kilipochakaa, mti wake ulifaa kuwa kuni. Kwa sababu hii ni rahisi kusahau ya kuwa katika Uingereza ya karne ya 18, nchi ambayo merikebu zake zilikuwa zimekwisha kuenea baharini, watu wengi wa mashamba walijitengenezea taa zao nyumbani kwa mti, unyasi na mafuta ya jikoni. Habari za taa hiyo zastahili kuchunguzwa, maana ndani yake mna swali ambalo halijafa: je, maskini hubaki maskini kwa kuwa hajui kuweka akiba, au kwa kuwa hana cha kuanzia akiba hiyo?

Kinara chenyewe kilikuwa chombo cha kazi chache. Mtu alichukua kipande cha mti mgumu, kama mwaloni, kilichosalia katika kazi kubwa zaidi. Alikichonga kikawa na kitako kipana na kizito ili kisipinduke, akatoboa tundu juu yake, na ndani ya tundu hilo akasimamisha koleo dogo la chuma lililofuliwa na mhunzi wa kijiji. Taya moja la koleo lilikuwa limekaza. La pili lilicheza juu ya msumari. Mkia wa taya hilo la pili ulitiwa kifundo, na uzito wa kifundo hicho ndio uliobana utambi. Hapakuwa na haja ya parafujo wala kamani. Vinara vingine vilikuwa vifupi, vya kuwekwa mezani. Vingine vilikuwa na mguu mrefu wa kusimama sakafuni, na baadhi yake vilikuwa na meno ya kupandishia na kushushia koleo, kwa kadiri ya kimo cha mtu aliyeketi kushona au kusokota. Utambi ulishikwa mshazari, haukusimamishwa wima wala haukulazwa, kwa sababu ukisimama nuru hufifia, na ukilala huwaka mbio ukaisha upesi. Kila baada ya dakika chache mtu alinyosha mkono akausogeza mbele, moto usije ukafika katika koleo. Taa hii haikuwashwa ikaachwa, ilitaka mlinzi.

Mti na chuma vilikuwa kazi ya siku moja. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa ni utambi. Maelezo yake yaliyo bora yaliandikwa na Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne katika jimbo la Hampshire, katika barua ya mwaka 1775 iliyotiwa baadaye katika kitabu chake cha habari za viumbe wa kijiji hicho, kilichotoka mwaka 1789. Unyasi uliotumika ni ule uotao katika mabonde ya majimaji na kando ya vijito, mrefu, wa mviringo, wenye moyo mweupe mwepesi ndani ya ganda la kijani. Ulikatwa katikati ya kiangazi, na papo hapo ukatupwa majini, kwani ukikauka ganda halibanduki. Kisha ganda lilimenywa lote, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba uliobakizwa toka juu hata chini ili kuutegemeza moyo usivunjike. Nyuzi hizo zilianikwa juu ya majani kwa siku kadhaa, zikapata umande wa usiku, zikakaushwa juani, ndipo zikachovywa katika mafuta ya moto.

White asema ya kuwa waliofanya kazi hii walikuwa vibarua waliochakaa kwa uzee, wanawake na watoto. Kumenya ganda lote bila ya kuukata ule ukanda mmoja kulimshinda mtu asiyezoea, lakini watoto walijifunza upesi. Na aliwahi kumwona bibi kizee, kipofu kabisa, aliyeifanya kazi hiyo kwa haraka na kwa usawa, asikosee ila mara chache. Mama huyo alitengeneza nuru ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuiona. Mafuta nayo hayakununuliwa na mke mwangalifu: aliyaengua juu ya chungu cha nyama ya nguruwe, na yakiwa na chumvi nyingi aliyaweka katika tanuri ya vuguvugu mpaka chumvi ikatua chini. Mwenye mizinga ya nyuki alitia nta kidogo, utambi ukawaka kwa muda mrefu zaidi.

White hakutosheka na maelezo. Alipima na kuhesabu. Katika ratili moja ya unyasi mkavu alikuta nyuzi zaidi ya 1,600. Uzi mmoja mzuri, wenye urefu wa futi 2 na inchi 4 na nusu, uliwaka kwa dakika 57. Ratili moja ya unyasi ilinunuliwa kwa shilingi 1, na ratili 6 za mafuta ya kuichovya, kwa peni 4 kila ratili, zilikuwa shilingi 2. Basi kwa shilingi 3 mtu alipata nyuzi 1,600; na kila uzi ukikadiriwa kuwaka nusu saa tu, alipata saa 800 za nuru. Kwa kuwa shilingi moja ilikuwa peni 12, hesabu yaonyesha ya kuwa robo peni ilinunua saa 5 na nusu za nuru. Mzee mmoja mwenye nyumba alimhakikishia White ya kuwa ratili moja na nusu iliwatosha jamaa zake mwaka mzima, kwani katika siku ndefu za kiangazi watu wa kazi waliamka na kulala kwa mwanga wa jua.

Faida nyingine ilitoka katika sheria. Kwa sheria ya mwaka 1709 mishumaa ilitozwa ushuru, na mtu hakuruhusiwa kujitengenezea mishumaa bila ya idhini. Utambi wa unyasi uliochovywa mara moja tu, kwa matumizi ya nyumbani na si kwa kuuzwa, uliachwa huru. Ushuru huo ulidumu mpaka ulipofutwa mwaka 1831. Kwa zaidi ya miaka 120, basi, kinara cha gogo kilisimama mahali ambapo mkono wa mtoza ushuru haukufika. Aliyewasha mshumaa alimlipa mfanya mishumaa na serikali pamoja; aliyewasha unyasi hakumlipa yeyote ila jasho lake.

Mpaka hapa sifa za taa hii hazina mpinzani. Lakini White alimaliza hesabu yake kwa hukumu. Alisema ya kuwa wakulima wadogo walitumia unyasi sana, lakini walio maskini kabisa walinunua kila jioni mshumaa wa nusu peni, ambao katika vyumba vyao vyenye kupitisha upepo haukuwaka zaidi ya saa mbili hivi. Kwa fedha ile ile wangalipata saa 11. Akakata shauri ya kuwa watu hao ni wabaya kuliko wote katika matumizi, na kwa hiyo hawana budi kubaki maskini. Hesabu ni sahihi. Hukumu yataka kupimwa.

Ipimwe kwanza kwa mshahara. Katika miaka hiyo ujira wa kibarua wa shamba katika kusini ya Uingereza haukuwa mbali na shilingi 8 kwa juma, na sehemu kubwa yake ilikwenda katika mkate. Shilingi 3 za unyasi na mafuta zilikuwa zaidi ya theluthi ya ujira wa juma zima, nazo zilitakiwa zote pamoja, tena wakati wa kiangazi, kwa ajili ya giza ambalo halijaja. Nusu peni ilipatikana jioni. Shilingi 3 hazikupatikana kwa mara moja. Mshumaa wa nusu peni kwa usiku 180 ni shilingi 7 na peni 6. Kwa hiyo aliyeshindwa kutoa shilingi 3 kwa siku moja alitoa zaidi ya mara mbili kwa siku nyingi, akapata nuru chache. Huo si upungufu wa akili. Ni bei ambayo mkono mtupu hutozwa kwa kuwa mtupu.

Ipimwe pili kwa mafuta. Mke mwangalifu wa White alipata mafuta bure, lakini bure hiyo ilikuwa na sharti: awe na nguruwe, au fedha ya kununua nyama ya nguruwe. Nguruwe hutaka mahali pa kukaa na makombo ya kula, na asiyekuwa na ardhi wala makombo hakuweza kumfuga. Karne hiyo hiyo sheria za Bunge zilikuwa zikiyagawa na kuyazungushia ua malisho ya jumuiya, na mwenye kibanda mara nyingi alipoteza mahali alipozoea kulisha mnyama wake na kuokota kuni. Kasisi mwingine, David Davies wa Barkham katika jimbo la Berkshire, aliandika mapato na matumizi ya jamaa za vibarua wa parokia yake mwaka 1787, na mwaka 1795 akatoa kitabu juu ya hali yao. Yeye alisikia lawama ile ile ya kuwa maskini ni wapotevu, akaijibu kwa takwimu: mapato yao hayakutosha mahitaji yao, na kwa kuwa walikuwa wameondolewa katika ardhi walilazimika kununua kila kitu kidogo kidogo dukani, kwa bei ya juu. Makasisi wawili walitazama watu wa namna moja. Mmoja alihesabu nyuzi, mwingine alihesabu mfuko.

Haifai, hata hivyo, kumdharau White, kwa maana kujitengenezea nuru kulikuwa uhuru wa kweli kwa waliojaliwa kuweza. William Cobbett, mjukuu wa kibarua aliyezaliwa Farnham mwaka 1763, alilelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake, na hakupata kuona mshumaa katika nyumba ya bibi huyo. Katika kitabu chake cha uchumi wa kibanda, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1821, wakati ushuru ulikuwa ungalipo, aliwahimiza vibarua kurudia unyasi. Aliandika ya kuwa nyuzi zilizokwisha chovywa ziliwekwa ndani ya gome la mti mchanga lililofungwa ukutani kwa mikanda miwili, na kwamba mtu aweza kufanya kazi na kusoma kwa nuru hiyo sawa na kwa mshumaa uliotozwa ushuru. Kwake yeye ghala ile ya gome ilikuwa ngome ndogo ya maskini.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatashindwa kuielewa habari hii, kwa kuwa aijua koroboi, au kibatari kama wengine waiitavyo. Mkebe na utambi wa kitambaa hutengenezwa nyumbani bila ya gharama, lakini mafuta hutoka dukani, na anayeyanunua kwa kipimo cha usiku mmoja hulipa zaidi ya anayenunua debe. Ustadi wa mikono umo katika nyumba. Bei imo nje ya nyumba.

Taa ya unyasi ilishindwa katika karne ya 19. Katika miaka ya 1850 mafuta ya taa yalianza kutengenezwa kwa wingi, na baada ya kisima cha Pennsylvania kuchimbwa mwaka 1859 yakashuka bei mpaka yakafika vibandani. Gertrude Jekyll alipoandika juu ya maisha ya zamani ya Surrey mwaka 1904, vinara vya gogo vilikuwa vitu vya kukusanywa na kupigwa picha. Tangu hapo vimetafutwa na wapenda vitu vya kale, na wengine huvipamba navyo vyumba ambavyo havina haja ya nuru yao. Wasifu wao husema ya kuwa vilikuwa rahisi. Vilikuwa rahisi kwa mwenye bonde la kukata unyasi, nguruwe wa kutoa mafuta, na kiangazi cha kungojea. Asiyekuwa na hivyo vitatu aliweza kuchonga gogo zuri kama la jirani yake, akaliweka mezani, na bado akakaa gizani.