Deni la Miwa ya Mumias
Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kilianza kazi mwaka 1973, Serikali ikiwa na hisa nyingi na Booker McConnell ya Uingereza ikikiendesha. Kwa miaka mingi kiliongoza nchini kwa uzalishaji, na mwaka 2001 kikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Septemba 2019, benki ya KCB, iliyokuwa ikikidai, ilikiweka chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Nashikilia kwamba aliyebeba hatari kubwa zaidi ya anguko hilo ni mkulima, mtu ambaye sheria ya kampuni ilimhesabu kuwa muuzaji tu. Muwa huchukua takriban mwaka na nusu kukomaa, na ukishakatwa hupoteza utamu upesi. Hauwekwi ghalani kungoja bei. Kila aliyepeleka miwa bila kulipwa alikuwa amekikopesha kiwanda, tena bila dhamana yoyote.

Watasema benki isipotangulizwa kulipwa, hakuna atakayekopesha viwanda. Ni kweli, lakini benki huchagua mdaiwa wake na kuandikiwa rehani. Mkulima aliyefungwa na mkataba wa kukiuzia kiwanda miwa hakuwa na njia hiyo. Wengine hulaumu sukari ya bei nafuu kutoka nje. Iliumiza, naam, ila ushindani huo ulionekana mapema, na bodi ndiyo iliyopaswa kujiandaa. Mwaka 2021 kiwanda kilipokodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, ugomvi wa mahakamani ulihusu zaidi nani alistahili zabuni, huku malimbikizo ya malipo ya wakulima yakibaki pembeni.