Kishikio cha Kisu: Sura Moja ya Historia ya Kerezo la Chuma

Neno "kukereza" ni la siku nyingi katika Kiswahili. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa kuuzungusha mti kwa kamba, na patasi wakaishika wenyewe. Katika kazi hiyo mkono ulikuwa ndio kishikio, na jicho ndilo kipimo. Lakini chuma ni kigumu kuliko mti. Huusukuma mkono na kuutetemesha. Kwa hiyo historia ya kerezo la chuma, huko Ulaya na Marekani, yaweza kusomwa kuwa ni historia ya swali moja: ni kitu gani kikishike kisu badala ya mkono?

Jibu lililopata sifa kuu ni la Mwingereza Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich mwaka wa 1771. Alikuwa fundi wa Joseph Bramah, akamwacha mwaka wa 1797 baada ya kunyimwa nyongeza juu ya mshahara wa shilingi 30 kwa juma. Katika makerezo yake kisu kilifungwa juu ya kitako cha chuma kilichoteleza katika njia iliyonyoka, kikiendeshwa kwa parafujo. Si yeye aliyekuwa wa kwanza kuliwaza jambo hili: huko Urusi, mwanzoni mwa karne ya 18, Andrei Nartov, fundi wa mfalme Peter Mkuu, alikwisha kutengeneza makerezo yenye vishikio vya mtambo. Sifa ya Maudslay ni kuyakusanya mambo hayo pamoja, kwa chuma na kwa usahihi mkubwa, hata kukata parafujo zilizolingana kukawa kazi ya kila siku.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuja na hasara yake. Fundi wa mkono huweka patasi chini na kuokota nyingine kwa kufumba na kufumbua. Kisu kilichofungwa kwa chuma hakina wepesi huo. Kila kinapobadilishwa hapana budi kulegeza bolti, kukipima upya, na kukiinua kwa vipande vya bati mpaka ncha yake ilingane na kitovu cha kazi. Ncha ikiwa juu mno, kisu husugua badala ya kukata. Ikiwa chini, huacha kinundu katikati ya uso wa chuma. Wengine walitumia nguzo yenye tundu na kipande kilichopinda mfano wa mtumbwi, ili kisu kiinuliwe kwa kukiinamisha. Lakini kukiinamisha kisu ni kuigeuza pembe ya makali yake. Tatizo moja liliondolewa kwa kuzaa jingine.

Mwaka wa 1845, huko Middlefield, Connecticut, Stephen Fitch alikuwa na parafujo 30,000 za bastola za serikali ya Marekani za kutengeneza. Akabuni kerezo lenye kichwa cha kuzunguka kilichobeba visu vinane, kila kimoja kikija kwa zamu yake. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Lakini ulimfaa mwenye maelfu ya vitu vya namna moja, wala haukumfaa fundi wa matengenezo, ambaye kazi ya asubuhi si ya jioni.

Kisha mwaka wa 1900, katika maonyesho ya Paris, watu waliona chuma kipya cha Frederick W. Taylor na Maunsel White kikikata huku ncha yake imekuwa nyekundu kwa moto. Muda wa kukata ulipopungua, muda wa kubadilisha kisu ulionekana wazi kuwa ni upotevu.

Katika karne hiyo ya 20 kikapatikana kishikio cha kubadilishwa upesi. Siri yake ni kuvigawa vitu viwili vilivyokuwa kimoja: nguzo hubaki juu ya kerezo, na kila kisu hupewa kibebeo chake chenye parafujo ya kurekebisha kimo. Kimo hupimwa mara moja tu, kikakaa. Katika namna moja, kibebeo huteremka katika mfuo na kukazwa kwa kabari. Katika namna ya Uswisi iitwayo Multifix, nguzo ya mviringo ina meno 40, hata kibebeo chaweza kukaa katika nafasi 40, zilizoachana kwa nyuzi 9. Fundi husogeza wenzo mmoja tu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini haraka ya chombo hiki haimo katika kukata. Imo katika kurudi mahali palepale bila kupima tena. Mtambo wa Maudslay ulichukua nguvu na uthabiti wa mkono, ukauacha wepesi wake. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya fundi wa chuma kurudishiwa kile ambacho mkereza vitanda hakupata kukipoteza.